Mama Mifuko na Kipande cha Plasta

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Mifuko atarudisha ufunguo wa chumba namba sita na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja alizitaja mwenyewe. Nilimwambia jarida la wafanyakazi halihitaji hesabu kali namna hiyo, akanitazama kwa juu ya miwani na kusema kwamba mtu akiulizwa amefanya kazi muda gani, ajibu muda gani.

Kamati ya jarida imenipa nusu ukurasa. Naiomba radhi mapema, maana najijua, na ninayemwandikia namjua pia. Nusu ukurasa haitoshi hata kuueleza mkoba wake.

Tuanze na huo mkoba basi. Jina lake la kwenye cheti mtalisikia ukumbini likisomwa kwa heshima zote. Sisi wengine tumemzoea kwa jina alilopewa na mkoba. Ulishonwa na mumewe, fundi cherehani, kwa kitambaa kilichobaki baada ya kushona mapazia ya wodi ya watoto, kwa hiyo una bata wa njano kila upande. Una mifuko kumi na mmoja. Mmoja una miwani ya kusomea ya nguvu nne tofauti, kwa sababu shahidi hukumbuka kwamba miwani yake ameiacha nyumbani pale anapopewa karatasi aisome mbele ya hakimu. Mwingine una pini na uzi. Mwingine soksi kavu. Kuna wa biskuti, kuna wa peremende za koo, kuna wa kitambaa cha kufutia viatu. Wa kumi na moja una zipu, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuona ukifunguliwa kwa ajili yake. Tumebishana sana juu ya kilichomo. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa tayari kuapa kwamba ni biskuti nzuri zaidi, za kula peke yake.

Alianza kazi hapa kama muuguzi wa wodi ya wanawake, akakaa wodini miaka kumi na mitatu. Miaka ishirini na moja iliyobaki ameifanya kazi ambayo haikuwepo mpaka alipoidai: kuwasindikiza wafanyakazi wanaoitwa mahakamani kueleza kifo cha mgonjwa. Mgonjwa akifa ghafla, au ndugu wakiwa na mashaka, hakimu anaweza kufungua uchunguzi. Si kesi ya jinai. Hakuna mshtakiwa wala anayefungwa. Ila jaribu kumwambia hivyo mtu aliyetoka kupokea samansi yenye jina lake na jina la mgonjwa aliyemfia mikononi. Nimemwona daktari bingwa wa upasuaji, ambaye mikono yake haitetemeki mbele ya tumbo lililo wazi, akishindwa kufungua bahasha. Mama Mifuko aliichukua, akaifungua kwa ncha ya peni, akamsomea tarehe na saa, akamuuliza kama amekula.

Nimehesabu samansi zote zilizoko masjala. Amewasindikiza watu mia moja sitini na watatu: madaktari, wakunga, wafamasia, madereva, na mfanya usafi mmoja aliyeitwa kwa sababu tu ndiye aliyesikia kitu kikianguka.

Chumba namba sita kiko mwisho wa korido ya masjala, kimepakana na stoo ya viti vya magurudumu vilivyoharibika. Meza imesukumwa ukutani. Viti viwili vimewekwa kandokando, vyote vikitazama dirishani, kwa sababu mtu aliyeitwa mahakamani, anasema, atatazamwa usoni vya kutosha siku si nyingi. Kanuni zake ni chache na hazina mapambo. Ya kwanza ni kujua choo kiko wapi. Siku moja au mbili kabla ya ushahidi humpeleka shahidi kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu, karani akiwafungulia, akamkalisha kizimbani aushike ubao wake, akamwonyesha atakakokaa hakimu, wakili, na ndugu wa marehemu. Halafu anamwonyesha choo. Mashahidi wengi waliniambia kwamba katika yote aliyowafundisha, hilo ndilo lililowaokoa.

Ya pili ni hii: jibu ulichoulizwa, meza mate, nyamaza. Aliitunga kwa ajili ya yule dereva wa gari la wagonjwa, ambaye mazoezini aliulizwa anafanya kazi gani akaanzia siku aliyoandikishwa shule. Kumeza mate kulikusudiwa kumpa breki. Dereva akalishika somo lote. Siku ya ushahidi akameza mate baada ya kila jibu, hata baada ya kutaja jina lake, kwa nguvu na kwa sauti, mpaka hakimu akasimamisha shughuli na kuagiza aletewe maji, akamuuliza kama anaumwa. Hadi leo akiingia kantini kuna mtu atamsogezea glasi.

Ya tatu ndiyo iliyonipata mimi. Kabla hujasaini maelezo yoyote, tupa mezani kila ulichokuwa nacho mfukoni siku ile. Si unachokumbuka, ulichokuwa nacho. Na ya nne ni yake mwenyewe: mahakamani hukaa benchi la tatu, upande wa kulia, mkoba mapajani, viganja viwili juu ya mkoba. Hatikisi kichwa, hatabasamu, hakunji uso. Wakili mmoja aliwahi kulalamika kwamba huyu mama mwenye bata anawapa mashahidi ishara. Hakimu alimtazama Mama Mifuko kwa muda mrefu, kisha akamwambia wakili kwamba hata yeye angependa kuona hiyo ishara, kwa sababu mpaka sasa hajui kama mama huyo anapumua.

Sasa nafika kwenye sababu ya kamati kuniomba mimi. Nilikuwa shahidi wake wa tisini na moja. Nasema wazi tangu hapa, ili msomaji asifikiri nasimulia habari za muuguzi fulani.

Ni miaka tisa imepita. Nilikuwa wodi ya upasuaji ya wanaume. Siku hiyo, Jumanne, tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wawili, na mwenzangu alikuwa amempeleka mgonjwa kupigwa picha, akakwama huko. Saa nane mchana nilipima wagonjwa wawili mfululizo, wa kitanda cha kumi na moja na wa kitanda cha kumi na nne. Wauguzi wenzangu mnajua tunavyofanya mikono ikijaa. Nilichana kipande cha plasta nyeupe, nikakibandika pajani juu ya aproni, nikaandika namba humo ili nizihamishie kwenye karatasi za vipimo baadaye. Wa kumi na moja presha yake ilikuwa themanini na nane kwa hamsini. Niliiona. Nilitaka kupima tena nimwite daktari. Kabla sijageuka, mgonjwa wa kitanda cha tatu akaanza kutupa mikono na miguu kwa kifafa, nikakimbia.

Nilikaa naye karibu dakika arobaini. Niliporudi nilikuwa nimelowa jasho, kichwa kinavuma, na ile presha ya chini imenitoka kabisa akilini. Nikachukua karatasi mbili kwa pamoja na kunakili namba kutoka kwenye plasta. Nikaandika za huyu kwenye karatasi ya yule.

Saa tisa, muda wa kuona wagonjwa ulipokuwa unaisha, mke wa mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja alinifuata. Alisema, "Sista, mume wangu amekuwa wa baridi. Mshike mwenyewe uone." Nikainyanyua karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Sikumshika. Nilimwambia, kwa utani, "Mama, vipimo vyake vinashinda vyangu. Nenda nyumbani ukapumzike." Alicheka kidogo, akaenda.

Daktari alipopita muda mfupi baadaye, alikuta presha ya chini kwenye karatasi ya kitanda cha kumi na nne, ambapo mzee wetu mmoja alikuwa ameketi anakula chungwa. Akampima upya, akakuta yuko salama, akasema mashine imechoka kuliko sisi. Tukacheka wote. Saa kumi na dakika arobaini mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja akafariki. Alikuwa akivuja damu ndani ya tumbo.

Samansi ilikuja miezi mitano baadaye. Kufikia hapo katibu wa hospitali wa wakati huo alikuwa ameshatuandalia maelezo sisi sote, yamechapwa vizuri, yanafanana kama pacha: saa nane mchana vipimo vya mgonjwa vilikuwa vya kawaida. Wenzangu walisaini, na hawakudanganya, maana ndivyo karatasi ilivyosema. Nami ningesaini. Nilikuwa nimeishika peni. Ni mtu wa masjala aliyeniambia kwamba hakuna anayesaini kabla ya kupita chumba namba sita, nikaenda nikinung'unika, Ijumaa, mahakama ikiwa Jumatatu.

Mama Mifuko aliniambia nitoe vya mfukoni. Nikamwambia ni miezi mitano, Mama, nitakuwa na nini. Akanyoosha mkono tu. Nilikuwa na peni, mkasi, na kijitabu changu kidogo ambacho ndani ya jalada lake huwa nabandika vipande vya plasta nikimaliza zamu, kwa mazoea ya kijinga tu ya kutotaka kutupa kilichoandikwa. Vilikuwa vipande kumi na saba, kimoja juu ya kingine, vimeanza kuwa vya kahawia. Tulivibandua kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi. Cha tisa kilikuwa na tarehe ya Jumanne ile, saa nane, na namba mbili za vitanda, kila kimoja na presha yake.

Nilikisoma mara ya kwanza, sikuelewa. Mara ya pili nikamwona yule mzee akila chungwa. Nikakiweka mezani kile kipande. Nikamsikia mke wa marehemu akisema mshike mwenyewe uone, nikajisikia nikifanya ule utani wangu. Nilisema jambo la kwanza lililonijia, na nitaliandika hapa kwa aibu yake yote. Nilisema, "Mama, hakuna mwingine anayejua."

Hakunigombeza. Alivuta kiti chake karibu na changu, akatazama dirishani. Akasema, "Sitakuambia ukitoe, mwanangu. Kazi yangu ni kukaa na wewe. Ila wakiniuliza mimi nilichokiona, nitasema nilichokiona." Kisha akanisimulia jambo ambalo huwasimulia mashahidi wake wote, na ambalo ameniruhusu kuliandika kwa sharti kwamba nisimpambe.

Akiwa na miaka mitatu kazini, mama mmoja alifariki akijifungua kwa upasuaji, naye akaitwa mahakamani. Alienda peke yake, kwenye mvua, akatoa ushahidi akiwa na soksi zilizolowa. Wakili akamuuliza kama mtaalamu wa usingizi alikuwepo chumbani mgonjwa alipobadilika. Yeye hakuona, alikuwa amegeukia meza ya vifaa. Lakini kila mtu koridoni alikuwa akisema yule bwana alikuwa ametoka. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri, miguu inamuuma kwa baridi, akasema, "Hakuwepo." Mtaalamu yule akaachishwa kazi. Miaka miwili baadaye mfanya usafi wa chumba cha upasuaji akamwambia kwa kupitisha tu maneno kwamba bwana yule alikuwepo muda wote, ameinama nyuma ya pazia akibadilisha mtungi wa gesi.

Aliandika barua mahakamani kukiri. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hakuna kilichorudi. Ndipo akamtafuta mwenyewe, akamkuta kwenye kibanda akitengeneza redio, akamweleza kila kitu akiwa amesimama. Bwana yule alimpa kigoda akae. Akakaza skrubu moja ya redio, kisha akamuuliza, "Siku ile ulikuwa peke yako?" Akasema ndiyo. Yule bwana akasema, "Mimi pia." Akarudi kwenye redio yake. Wiki iliyofuata Mama Mifuko akaomba ruhusa ya kwanza ya kumsindikiza mwenzake mahakamani, akakataliwa, akaenda kwa siku yake ya mapumziko. Aliendelea hivyo, kwa siku zake za mapumziko, mpaka hospitali ilipochoka kumkatalia.

Jumamosi tulienda kuona chumba cha mahakama. Sikumwambia nimeamua nini, kwa sababu sikuwa nimeamua. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili, nilikuwa na mama yangu mzazi aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ni nesi hata wasipouliza. Nilijua kwamba nikitoa kile kipande ninaweza kupoteza leseni. Nilijua pia kwamba nisipokitoa hakuna litakalonipata. Jumapili nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu nilifika na yote mawili: maelezo ya katibu bila saini kwenye mkoba, na kijitabu mfukoni. Katibu alitukuta kwenye benchi la nje. Hakunitazama mimi, alimuuliza Mama Mifuko, "Maelezo yamesainiwa?" Mama Mifuko akajibu, "Hayajasainiwa." Akameza mate. Akanyamaza. Katibu alisubiri neno la pili mpaka akaona haya, akaingia ndani. Mama Mifuko akanigeukia na swali moja tu: choo nimekiona?

Hakimu aliruhusu mashahidi tukae ndani. Wa kwanza kuitwa alikuwa mke wa marehemu. Alieleza kwamba saa tisa mumewe alikuwa wa baridi na jasho linamtiririka. Alieleza kwamba aliniambia, na jinsi nilivyomjibu. Aliyarudia maneno yangu yale yale, kwa sauti yangu kabisa, mpaka watu wakageuka kunitafuta. Wakili wa hospitali alikuwa mpole. Alimwambia karatasi inaonyesha vipimo vizuri, kwamba majonzi huvuruga kumbukumbu, kwamba hakuna anayemlaumu. "Huenda, mama, ubaridi huo uliushika baadaye, ulipoitwa kuja kumuaga marehemu, na sasa siku imechanganyikana." Yule mama aliitazama mikono yake. Kisha akasema polepole, "Labda." Nilimwona akianza kuamini kwamba mikono yake mwenyewe ilimdanganya.

Wakaniita. Niliapa. Hakimu akaniuliza presha ya mgonjwa saa nane ilikuwa ngapi. Nilitazama benchi la tatu, upande wa kulia. Bata walikuwa pale, viganja viwili juu yao, havisogei. Sikuambiwa kitu na mtu. Nikasema, "Themanini na nane kwa hamsini."

Karatasi zilianza kufunuliwa pande zote. Wakili alisimama akasema shahidi amekosea, kumbukumbu inasema mia na kumi na nane. Nikasema kumbukumbu niliiandika mimi baadaye, na nilikosea karatasi. Nikatoa kijitabu. Karani ndiye aliyekifungua. Hakimu aliweka kipande kile cha plasta juu ya karatasi nyeupe, akaomba taa iwashwe, akakisoma, akaomba karatasi ya kitanda cha kumi na nne nayo iletwe. Wakili aliniuliza kama nakiri kwamba niliona presha ya hatari na sikumwita daktari. Ndiyo. Aliniuliza kama nakiri kwamba nilimrudisha mke wa mgonjwa nyumbani bila hata kumgusa mgonjwa. Ndiyo. Nilitaka sana kueleza kifafa, wagonjwa thelathini na wawili, mwenzangu aliyekwama. Sikuulizwa. Nilimeza mate. Hakimu ndiye aliyeniuliza, baadaye, siku ile nilikuwa na wagonjwa wangapi na tulikuwa wauguzi wangapi, na hapo nikajibu. Nilikaa kizimbani saa moja na dakika ishirini.

Niliposhuka, Mama Mifuko alisimama, na nikaona kitu ambacho sijawahi kumwambia kwamba nilikiona. Pale viganja vyake vilipokuwa, kitambaa cha mkoba kilikuwa kimelowa, alama mbili za mikono juu ya wale bata.

Nje koridoni tulikaa kwenye benchi. Mlango ukafunguliwa, mke wa marehemu akatoka, akasimama mbele yetu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Mama Mifuko alisogea, akamwachia nafasi, yule mama akakaa upande wake wa pili. Ndipo nikasikia zipu. Mfuko wa kumi na moja ulikuwa na vitambaa vya mkononi, vipya, vimepigwa pasi na kukunjwa pembe nne, vimeshonwa pindo na fundi wake wa nyumbani. Ulikuwa wa wafiwa. Alimpa kimoja.

Yule mama hakukitumia. Alikishika tu. Aliniuliza bila kunitazama, "Kwa hiyo alikuwa wa baridi kweli."

Nikasema alikuwa wa baridi kweli.

"Sikukosea."

Nikasema hukukosea, mama. Niliyekosea ni mimi.

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kisha akalia, na mimi nikalia, na katikati yetu Mama Mifuko akakaa wima na mkoba wake. Sikusamehewa siku ile na sikuomba. Alipoondoka alikwenda na kitambaa.

Hakimu aliandika kwamba mgonjwa alivuja damu, kwamba saa nane palikuwa bado na nafasi ya kumwokoa, kwamba kosa la kunakili liliifunika nafasi hiyo, na kwamba wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wawili ni hatari ambayo hospitali iliijua. Nilipewa barua ya onyo na miezi sita ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Leseni nilibaki nayo. Mama Mifuko naye alipata barua, ya katibu, ikimtaka aeleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kushindwa kulinda heshima ya taasisi. Alijibu kwa mstari mmoja: alitakiwa kumsindikiza shahidi, na alimsindikiza. Barua yenyewe ameikunja na kuiweka kati ya miwani ili isikwaruzane, na kusema kweli ni karatasi nzuri, nzito.

Mihuri ya mbao mnayoiona leo kila wodi, ile ya IMEANDIKWA BAADAYE yenye nafasi ya saa na saini, ilianza baada ya hapo. Aliizungusha mwenyewe wodi kwa wodi. Tulimcheka kwamba ametufungulia posta. Sasa hakuna anayeficha tena kwamba alichelewa kuandika. Anagonga muhuri, anaandika saa ya kweli, anaendelea na kazi. Na tangu mwaka ule wodi ile haijawahi kuwa na wauguzi chini ya wanne mchana. Mambo hayo mawili yatatajwa ukumbini kama mafanikio yake, naye atatazama sakafu.

Mumewe anasema tayari amemtengea kona ya kushonea vifungo, na kwamba mteja wa kwanza atakayeulizwa ametoa wapi kitambaa chake atakuwa amejitakia. Wajukuu wameahidiwa shule ya kujibu kwa kifupi. Tunawaonea huruma.

Wiki iliyopita aliniita chumba namba sita. Mimi ndiye ninayebaki na kiti cha pili. Alitoa kila kitu mifukoni, akanionyesha kimoja kimoja, akarudisha, akanivalisha mkoba begani na kuirekebisha kamba yake kama mama anayempeleka mtoto shule. Mfuko wa kumi na moja alikuwa ameujaza. Jumatatu tarehe 3 Julai, saa tatu asubuhi, fundi wetu wa maabara anaitwa mahakamani kueleza kifo cha mtoto. Hajalala vizuri wiki nzima. Choo nimemwonyesha. Nitakuwa benchi la tatu, upande wa kulia.

Mama Mifuko, kwa niaba ya watu mia moja sitini na watatu ambao hawakwenda peke yao, asante. Nenda ukapumzike na mzee wako, mle, mcheke, mlale mpaka jua liwachome, na miguu yako iwe mikavu siku zote. Kamati iliniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nimejibu nilichoulizwa. Nameza mate, nanyamaza.